Dramu zilizopigwa chini ya ngazi

*Shikamoo fundi. Natengeneza biti hapa Morogoro. Rafiki yangu kanisikilizisha wimbo wa Led Zeppelin, When the Levee Breaks, na zile dramu za mwanzo zimenikosesha usingizi. Nimejaribu kuziiga kwa programu: nimeongeza besi, nimeongeza mwangwi, zinatoka ndogo na zimejaa matope. Walirekodije zamani zile bila kompyuta? Halafu nasikia wimbo wenyewe si wao, waliuchukua kwa watu weusi wa Marekani. Nikikata kile kipande cha dramu nikakitia kwenye biti yangu, nitakuwa namwibia nani?*

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika, maana wengi huuliza dramu zilirekodiwaje wakaishia hapo. Lakini nianze na la kwanza, kwa sababu jibu lake ni nyumba, na nyumba hiyo ipo hadi leo.

Inaitwa Headley Grange, iko Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ni jumba la mawe la ghorofa tatu lililojengwa mwaka 1795 kwa ajili ya kuwaweka maskini wa eneo lile. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Kiingereza, walilikodi wakitafuta mahali pa kuishi na kupiga muziki bila kuhesabiwa saa kama studio za mjini. Nje walileta lori lenye mitambo ya kurekodia, mali ya bendi ya Rolling Stones, nyaya zikapita madirishani hadi ndani. Ndani kulikuwa na baridi na unyevu. Palipokuwa na ukumbi wa kuingilia, palikuwa na ngazi zinazopanda juu, kuta ngumu pande zote, na uwazi mkubwa katikati unaokwenda hadi juu.

Seti mpya ya dramu za John Bonham, mpiga dramu wao, ilipofika, ilifunguliwa na kupangwa pale pale ukumbini. Aliyekuwa kwenye mitambo ni Andy Johns, kijana wa miaka ishirini tu wakati huo. Kwa kawaida ya siku zile, na ya siku hizi zaidi, fundi anasogeza maikrofoni karibu na kila ngoma: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye ngoma ya mkono wa kushoto, nyingine juu ya matoazi. Johns aliziacha zote. Alichukua maikrofoni mbili tu, Beyerdynamic M160 za utepe, akazining'iniza juu kwenye ngazi, mbali na mpigaji. Ngoma ya mguu haikuwa na maikrofoni yake. Bonham alikuwa chini anapiga, maikrofoni zikiwa juu zinasikiliza nyumba.

Sasa rudi kwenye wimbo, usikilize zile sekunde za mwanzo kabla hakijaingia chombo kingine. Usisikilize pigo. Sikiliza kinachofuata baada ya pigo. Kuna hewa inayorudi, nzito, inajaza nafasi yote hadi pigo linalofuata linapokuja kuikata. Hiyo ni sauti iliyopanda ngazi, ikagonga kuta, ikarudi. Programu yako inaweza kukupa mwangwi wa ukumbi wowote duniani, lakini wewe umeupaka mwangwi huo juu ya ngoma iliyorekodiwa kwa karibu. Sikio linasikia vitu viwili: ngoma kavu mbele, ukumbi nyuma. Pale Headley Grange hakuna viwili. Ngoma na ukumbi viliingia kwenye maikrofoni vikiwa kitu kimoja.

Kisha kuna vifaa viwili vilivyomaliza kazi. Cha kwanza ni kompresa. Mfikirie mtu aliyeshika kitasa cha sauti: pigo likija anashusha, pigo likipita anapandisha haraka. Ukimtumia kwa kiasi husikii kitu. Johns alimtumia kupita kiasi. Kila pigo lilikandamizwa, na kila lilipopita, ile hewa ya ngazini ikainuliwa juu kuliko ilivyokuwa kweli. Ndiyo maana dramu zile zinasikika kama zinapumua. Cha pili ni Binson Echorec, mashine ya mwangwi ya Kiitaliano ya Jimmy Page, mpiga gitaa wao, ambayo badala ya tepu inatumia gurudumu la sumaku linalozunguka. Inarudisha pigo mara moja, upesi sana, kwa chini kidogo. Zile ngoma za mguu unazozisikia zikijirudia kama mtu anayekimbia amevaa viatu vizito, sehemu yake ni mguu wa Bonham na sehemu yake ni gurudumu lile. Mwisho wakapunguza mwendo wa tepu, sauti yote ikashuka na kuwa nzito zaidi. Hata ukitaka kupiga gitaa pamoja na wimbo huo utaona hauko sawasawa kwenye noti yoyote, umekaa katikati.

Lakini nisikufiche: maikrofoni mbili haziwezi kumwokoa mpigaji mbaya. Ukiwa na maikrofoni kumi, matoazi yakizidi unayashusha baadaye. Ukiwa na mbili, alichopiga ndicho ulichonacho. Bonham alikuwa na ngoma ya mguu ya inchi 26, kubwa kuliko za wenzake wengi, na ngozi zake alizikaza, hakuziziba kwa blanketi wala mito. Alipiga ngoma kwa nguvu na matoazi kwa adabu. Uwiano ule unaousikia aliufanya yeye kwa mikono na mguu, kabla haujafika kwa fundi. Sisi tuliosikiliza nyimbo za dansi za Radio Tanzania tunalijua jambo hili vizuri. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na kama tarumbeta ilizidi, mpigaji ndiye aliyerudi nyuma hatua mbili. Nafasi ya mtu chumbani ndiyo ilikuwa kitasa chake cha sauti. Ukisikia nyimbo zile leo, bado unaweza kufumba macho ukaonyesha kwa kidole nani alisimama wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu yale matope yako: acha kuongeza besi. Ukubwa wa dramu zile hautokani na besi, unatokana na umbali. Tafuta jengo lenye ngazi za zege, shule au ofisi siku ya Jumapili, omba ruhusa. Weka dramu chini, weka simu yako ghorofa ya kwanza, mwambie mpigaji apige polepole, yapata mapigo 70 kwa dakika. Mwendo ni muhimu, kwa sababu ukumbi unahitaji muda wa kujibu. Pigo la haraka linaukata mwangwi kabla haujasema neno, na hapo ndipo matope yanapoanza. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa na redio ya kaseti na ngoma moja tu ya kuazima, na jioni ile nilijifunza kuhusu sauti kuliko nilivyojifunza mwaka mzima nikiwa nimeinamia vitasa.

Haya, wimbo ni wa nani.

Unaishi Morogoro, basi chukua mkoa wako wote, kutoka Gairo hadi Malinyi, kisha ufikirie maji juu yake. Mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927 yalifunika eneo linalokaribia ukubwa huo, kilomita za mraba zipatazo 70,000, na mahali pengine kina kilifika mita 9. Zaidi ya watu 600,000 waliachwa bila makazi. Levee ndilo lile tuta refu la udongo linalojengwa kando ya mto ili maji yasiingie mashambani. Wenzetu wa Budalang'i, huko magharibi mwa Kenya, hawahitaji kuelezwa: wameishi miaka mingi nyuma ya matuta ya mto Nzoia na wanajua maana ya usiku ambao tuta linaanza kuvuja.

Tarehe 21 Aprili 1927 tuta lilipasuka mahali panapoitwa Mounds Landing, juu kidogo ya mji wa Greenville, jimbo la Mississippi. Waliokuwa juu ya tuta wakipanga magunia ya mchanga walikuwa wengi wao watu weusi, na wengi hawakuwa pale kwa hiari, walisimamiwa kwa bunduki. Baada ya maji kuingia, maelfu ya familia za watu weusi walibaki juu ya mabaki ya tuta, ukanda mwembamba wa udongo uliozungukwa na maji. Meli zilikuja. Watu weupe walipakiwa. Weusi walizuiwa, kwa sababu wenye mashamba ya pamba waliogopa kwamba vibarua wao wakiondoka hawatarudi. Waliwekwa kambini, wakalindwa na askari, wakavalishwa vitambulisho, wakafanyishwa kazi ya kupakua misaada. Wenye mashamba hawakukosea kuhusu jambo moja: watu hao walitaka kuondoka. Wengi walioweza waliondoka kweli, wakaelekea kaskazini, Chicago na miji mingine ya viwanda.

Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Juni 1929, mume na mke waliingia studio ya Columbia mjini New York kurekodi kwa mara ya kwanza. Mwanamke alikuwa Lizzie Douglas, aliyekulia Walls, kijiji kilicho Mississippi karibu na Memphis, na aliyepiga gitaa tangu utotoni, hata kwenye mtaa wa Beale mjini Memphis. Mwanamume alikuwa Joe McCoy. Kampuni iliwapa majina ya kazi: Memphis Minnie na Kansas Joe. Miongoni mwa nyimbo walizoimba siku hiyo ni When the Levee Breaks.

Tafadhali uusikilize huo kabla hujarudi kwa Zeppelin. Ni sauti ya Joe na magitaa mawili, basi. Joe anaimba kwa utulivu: mvua ikiendelea tuta litapasuka, nami nitakosa mahali pa kukaa. Anasema kwamba amefanya kazi kwenye tuta usiku na mchana. Anasema kulia hakutasaidia, na kusali hakutasaidia. Na chini ya maneno hayo gitaa la Minnie linatembea kwa furaha, vidole vyepesi, kana kwamba ni asubuhi ya kwenda gulioni. Mgeni anaweza kushangaa. Sisi hatushangai. Dansi letu limejaa nyimbo za msiba na za kuachwa ambazo watu wamezicheza hadi alfajiri. Huzuni inabebwa na maneno, mwili unabebwa na gitaa, na msikilizaji anachukua vyote viwili.

Led Zeppelin waligeuza mpangilio huo. Robert Plant, mwimbaji wao, alikuwa na rekodi hiyo ya zamani, akaileta. Maneno mengi wakayabakiza, ila muziki wakautupa karibu wote. Bluzi ya Joe na Minnie inabadilisha kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, kwa zamu zile zinazojulikana, ya Zeppelin inakaa mahali pamoja kwa muda mrefu, inaning'inia, halafu inahama ghafla na kurudi. Page alipiga gitaa la umeme la nyuzi 12 ambalo nyuzi zake zilikazwa kwa noti tofauti na za kawaida, akaongeza gitaa la kuteleza, linalopigwa kwa kutelezesha kibomba juu ya nyuzi. Plant alipiga harmonika, nao wakaigeuza tepu ili mwangwi wake utangulie sauti badala ya kuifuata. Sikiliza tena kwa uangalifu: kabla noti ya harmonika haijafika, unasikia kivuli chake kikija. Ni dakika 7 za kitu kinachokaribia na huwezi kukizuia. Kwa Joe mafuriko yamo kwenye maneno. Kwa Zeppelin ungeweza kuyaondoa maneno yote na bado ungetafuta mahali pa juu pa kukimbilia. Hilo ndilo walilolifanya wao, na ni kazi kubwa kweli, sipunguzi hata kidogo. Waliuchanganya wimbo, yaani kuzipatanisha sauti zake zote, Los Angeles, studio ya Sunset Sound. Michanganyiko mingine yote waliyoifanya huko haikuwaridhisha wakairudia London, huu peke yake ndio uliobaki. Albamu ikatoka tarehe 8 Novemba 1971, huu ukiwa wimbo wa mwisho.

Jukwaani waliujaribu mara chache tu mwanzoni mwa ziara yao ya Marekani ya mwaka 1975, kisha wakauacha. Naelewa sababu. Ukumbi wa watu elfu kumi si ngazi za Headley Grange, na tepu huwezi kuipunguza mwendo mbele ya watu.

Je, waliiba? Hapa nataka tuwe waangalifu, maana mtu anaweza kukosea kwa pande zote mbili. Bluzi ni muziki wa kurithishana. Joe na Minnie nao waliokota mistari iliyokuwa ikizunguka Mississippi nzima, na kila mwimbaji aliongeza chake. Hakuna ubaya kijana wa Kiingereza kuimba wimbo huo. Ubaya unaanzia kwenye karatasi, pale majina yanapoandikwa, kwa sababu pesa zinafuata majina. Led Zeppelin walikuwa na historia isiyopendeza hapo. Whole Lotta Love ya mwaka 1969 ilitoka bila jina la Willie Dixon, mtunzi mweusi wa bluzi, ingawa maneno yake yalitokana na wimbo wake. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake lipo. The Lemon Song nayo ilikuwa na deni kwa Howlin' Wolf, mwimbaji mwingine wa bluzi, likalipwa baada ya madai.

Kwa When the Levee Breaks walifanya vizuri zaidi tangu siku ya kwanza: kwenye albamu, pamoja na majina yao manne, liliandikwa la Memphis Minnie. Lakini la Joe McCoy halikuandikwa. Ndiye aliyeimba. Ndiye ambaye wengi humtaja kama mtunzi. Alikuwa amefariki tangu mwaka 1950, na sauti yake kwenye santuri ile ndiyo iliyofika hadi kwenye kabati la Plant. Mimi jambo hili linaniuma kuliko visa vya kesi, kwa sababu hapa palikuwa na nia ya kutaja jina, na bado jina likadondoka.

Minnie naye usimfikirie kama bibi wa kale aliyesubiri kugunduliwa. Alihamia Chicago, akawa miongoni mwa watu wa bluzi waliorekodi sana katika kizazi chake, akapiga gitaa la umeme mapema sana. Mshairi Langston Hughes alimsikia kwenye klabu moja ya Chicago mkesha wa mwaka mpya wa 1943, akaandika gazetini jinsi gitaa lake lilivyonguruma kama mitambo ya kiwandani. Fikiria: mwanamke mweusi, amekaa juu ya friji ya klabu, anafanya na umeme kile ambacho vijana wa London wangekuja kusifiwa kwacho miaka ishirini na zaidi baadaye. Alipata kiharusi mwaka 1960, akaishi miaka yake ya mwisho Memphis akiwa hana kitu, akafariki Agosti 1973. Albamu yenye jina lake ilikuwa tayari inauzwa dunia nzima, na Marekani peke yake imepita nakala milioni 20. Kaburi lake Walls halikuwa na jiwe hadi mwaka 1996, mwimbaji wa Marekani Bonnie Raitt alipolilipia.

Sasa kile kipande unachotaka kukikata. Hungekuwa wa kwanza, na sababu ni rahisi: pale mwanzo dramu ziko peke yake, hakuna gitaa wala sauti ya mtu, kwa hiyo zinakatika safi. Beastie Boys walifungulia nazo albamu yao ya mwaka 1986. Dr. Dre alizitumia. Björk alizitumia kwenye Army of Me. Na kama nyumbani kwenu kulikuwa na redio miaka ya 90, umewahi kuzisikia bila kujua: zimo kwenye Return to Innocence ya Enigma, ule wimbo wenye sauti ya mzee anayeimba Kiami, lugha ya wenyeji wa Taiwan. Beyoncé alipotoa Don't Hurt Yourself mwaka 2016, majina ya Zeppelin yaliandikwa miongoni mwa watunzi.

Ukitaka kukitumia kihalali unahitaji ruhusa mbili, na watu wengi huku kwetu wanajua moja tu. Ya kwanza ni ya rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa ngazini, ambayo iko mikononi mwa kampuni inayomiliki rekodi. Ya pili ni ya utunzi, kwa waliosajiliwa kuwa watunzi wa wimbo. Ukikata bila kuuliza, umewachukulia wote wawili kwa mpigo. Gharama yake, kwa prodyuza anayeanza, sidhani utaiweza, na ukiipandisha mtandaoni bila ruhusa mifumo ya utambuzi itakukamata upesi.

Ndiyo maana nakurudisha kwenye ngazi za zege. Mwangwi wa ngazi za Morogoro hauna mwenye hakimiliki. Tafuta mpigaji ambaye matoazi hayamzidi, mweke chini, panda wewe na simu juu. Rekodi mara tatu: ghorofa ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu ukiwa umeigeuzia simu ukutani. Nitumie zote tatu kabla hujazigusa kwa programu, na uniandikie jina la mpigaji.